Mbao Nne za Mzee Abdurahmani

Mwaka wa sabini na nne, vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaota kandokando ya barabara ya Lindi hadi Nangurukuru upesi kuliko zahanati. Nyumba zilisimama, shamba la pamoja likapimwa, lakini mama mwenye mtoto anayeharisha bado alitembea siku nzima kutafuta dawa. Ndipo likatengenezwa gari. Lilikuwa lori la zamani lililojengewa mgongoni chumba cha mbao na bati, ndani mna vitanda viwili vya kukunjwa ukutani, kabati la dawa, jokofu la mafuta ya taa la kutunzia chanjo, jiko, na pipa la maji lenye koki. Watu wa njiani waliliita Nyumba ya Magurudumu, na wakiliona linakuja walitoka mashambani na majembe begani.

Stefania Kornelio alipangiwa gari hilo mwezi wa tatu. Alikuwa muuguzi na mkunga, umri wake miaka ishirini na sita, binti wa katekista kutoka Newala, mwepesi wa kazi na mwepesi wa maneno pia. Ndani ya gari alimkuta Justa, mhudumu wa makamo aliyeandika kadi, aliyepika na aliyejua jina la kila mtoto aliyewahi kuchanjwa. Na alimkuta dereva, Mzee Abdurahmani, mtu wa Tingi, mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kazi isiyochakaa. Usiku wanawake walilala ndani. Yeye alitundika turubai ubavuni mwa gari akalala chini yake.

Siku ya kwanza ya kupakia, Stefania alibaki mdomo wazi. Robo nzima ya chumba, upande wa nyuma, ilikuwa imejaa vitu ambavyo si dawa wala si chakula. Mbao nne nene za mninga, urefu wa mtu mzima. Jeki mbili. Winchi ya mkono yenye kamba ya waya iliyosokotwa. Mnyororo mmoja mfupi, na mwingine mzito ndani ya gunia. Sepetu, jembe, shoka, panga. Vipande vya magogo vilivyochongwa kabari. Madebe mawili ya dizeli na moja la maji lililoandikwa kwa rangi nyeupe LA GARI TU. Na sanduku la bati lenye mikanda ya feni, viraka, gundi ya mipira, nyaya, boliti, na balbu zilizofungwa moja moja kwa matambara kama mayai.

Nje, chini ya kibaraza cha stoo, yalibaki maboksi sita ya maziwa ya unga yasiyo na pa kukaa.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba, Sista."

"Mzee, mbao hizi tukiziacha, maboksi yote sita yanaingia."

"Yanaingia," Abdurahmani alikubali, akiendelea kufunga kamba.

"Basi tuziache. Watoto wa Kiranjeranje hawali mbao."

Justa alijifanya anahesabu kadi. Mzee Abdurahmani alimaliza fundo lake, akaingia ndani, akatoka na godoro lake la sufi alilokuwa amelikunja nyuma ya mlango. Akalibeba hadi stoo na kumkabidhi mlinzi. Kisha akatoa kitanda chake cha turubai, na sanduku lake la nguo akabakiza kanzu moja na shuka mbili kwenye kifurushi. Akarudi akayapanga maboksi sita, moja moja, mahali pale.

"Tayari," alisema.

"Na wewe utalala wapi?" Stefania aliuliza, sauti imeshuka.

"Juu ya mbao. Ni za mninga, hazina kunguni."

Kwa siku tatu Stefania aliona aibu kila alipomwona mzee yule akinyoosha mgongo asubuhi. Lakini aibu haikumwondolea ubishi wake. Alimwona ni mtu mwema mwenye kasumba ya vyuma, kama wazee wengine walivyo na kasumba ya ugoro.

Masika yalikuwa yameshika. Baada ya Mchinga barabara iligeuka uji mweusi, ule udongo wa mfinyanzi unaonata kwenye kiatu hadi mtu akawa mrefu. Siku ya nne walizama. Gurudumu la nyuma lilizunguka mara mbili, na mzee akazima injini papo hapo. Stefania alizoea madereva wanaokanyaga mafuta na kutukana. Huyu alishuka, akavua viatu, akazunguka gari lote taratibu akichungulia chini, akarudi.

"Halijaenda mbali. Sista, nipe hilo jembe lililo karibu na mguu wako."

Alichimba mbele ya kila gurudumu mteremko mdogo, akapunguza upepo kwenye matairi hadi yakabonyea, akalaza mbao mbili mbele na mbili nyuma, akazimwagia mchanga uliokuwa kwenye gunia. Akarudi kwenye usukani akaligusa gari kama mtu anayeamsha mgonjwa. Likapanda, likatoka. Kisha akapiga pampu ya mkono matairi yote manne yaliyolegezwa, jasho likimtiririka, bila kumwomba mtu. Kazi yote haikufika saa moja.

Jioni hiyo, wakila ugali kwa kisamvu pembeni mwa gari, Stefania alimwuliza alijifunzia wapi.

"Nachingwea, kwenye shamba la karanga la Waingereza. Walileta matrekta mengi kuliko watu wa kuyaendesha. Kila siku moja lilizama, nasi tukatumwa kulitoa. Karanga hazikuota sana, lakini sisi tulijifunza." Akatafuna tonge. "Halafu baada ya Uhuru nikamwendesha bwana mmoja wa serikali. Tulikwama hapo mbele, kabla ya Mbwemkuru, watu wanne. Tulikuwa na redio, tulikuwa na viti vya kukunja, tulikuwa na kuku watatu tuliopewa zawadi. Jembe hatukuwa nalo. Tulichimba kwa sahani. Siku ya pili karani wetu aliumwa na nyoka kwenye majani. Siku ya tatu ndiyo tukapata kutoka, na yeye alikuwa amekwisha kufa."

Justa, ambaye bila shaka alikwisha kuisikia habari hiyo, alimwongezea mzee mboga. Stefania alipolala usiku alimsikia chini ya turubai akijigeuza juu ya zile mbao.

Kiranjeranje walikaa siku mbili, wakapima watoto na kugawa maziwa yale, boksi baada ya boksi, hadi nafasi ikabaki tupu. Wakaendelea kaskazini. Siku ya saba, mnamo saa nne asubuhi, jua limetoka kidogo baada ya mvua ya alfajiri, walikuta matawi mabichi yamekatwa na kutupwa katikati ya barabara. Kila dereva alijua maana yake: mbele kuna gari lenye shida. Mzee Abdurahmani alipunguza mwendo. Walipokunja kona waliliona.

Lilikuwa lori la kuhamisha watu, limebeba kaya tano na mali zao kwenda kijiji kipya. Pale barabara ilipopita juu ya karavati, maji yalikuwa yamezila kingo kutoka chini, na ukingo ukakatika lori likipita. Sasa lilikuwa limelala kiubavu ukingoni, magurudumu ya upande mmoja yakiwa bado barabarani, mengine yamening'inia kwenye korongo. Vitanda, vinu, mikeka na magunia ya korosho yalikuwa yametapakaa kwenye matope. Watu kama thelathini walikuwa wamelizunguka bodi la lori upande wa chini wakipiga kelele za kunyanyua.

Stefania alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Mwanamume mmoja mwenye damu usoni alimkimbilia.

"Sista, mke wangu yuko chini. Jina langu Huseni. Mke wangu Siti yuko chini pale, mguu umebanwa."

Siti alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amelala chali kwenye tope, kitenge chake kimefunikwa udongo. Ukingo wa chuma wa bodi ulikuwa umekaa juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu, lakini macho yalikuwa na akili timamu.

"Tangu saa ngapi?" Stefania aliuliza akimshika mkono kutafuta mapigo.

"Tangu kupambazuka," Siti alijibu mwenyewe. "Waambie waache kunyanyua. Kila wakinyanyua linarudi."

Kabla Stefania hajageuka, sauti ya Mzee Abdurahmani ilisikika nyuma yake, wala haikuwa kubwa.

"Ndugu zangu, acheni. Rudini nyuma hatua kumi. Wote."

Waliacha. Stefania alijiuliza baadaye ni nini kilichowafanya thelathini wamtii mzee mfupi asiye na viatu. Labda ni kwa vile yeye peke yake hakuwa na haraka usoni.

Alilizunguka lori kama alivyolizunguka gari lake siku ile waliyozama. Alitia kijiti kwenye ufa wa udongo chini ya gurudumu la mbele, akasubiri, akakitazama tena. Akaja akachuchumaa karibu na Stefania.

"Linateleza bado," alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo kidogo. Tukilinyanyua bila kulifunga, litamlalia lote. Nipe nusu saa nilifunge kwanza. Wewe mtunze asituondokee."

"Nusu saa ninayo," alisema Stefania.

Alimchoma Siti sindano ya maumivu. Akamfungia dripu, na chupa akampa Justa aishike juu. Huku mikono yake ikifanya kazi, masikio yalikuwa kule nyuma. Alisikia mlango wa gari lao ukifunguliwa na vile vyuma alivyovitukana moyoni vikitolewa kimoja kimoja. Mzee alijua kila kitu kilipo bila kutafuta. Alichagua mpingo mmoja mnene upande wa juu wa barabara, akauvisha magunia shinani, akazungusha ule mnyororo mfupi, akafungia winchi hapo, akavuta waya hadi kwenye fremu ya lori. Watu wawili aliwafundisha kwa maneno machache kusukuma mpini wa winchi kwenda na kurudi. Waya ukakaza, ukaanza kulia kidogo.

Ndipo akafanya jambo lililomshangaza Stefania. Alichukua magunia mengine matatu, akayachovya kwenye maji ya korongo, akayatandika juu ya ule waya uliokaza, yakaning'inia mazito, yakichuruzika.

"Ya nini hayo, mzee?" aliuliza Huseni.

"Waya ukikatika huruka. Gunia lenye maji litauangusha chini. Asisimame mtu upande huu wala ule."

Kisha, pamoja na waya, akaongeza kamba nene ya katani kutoka kwenye mpingo wa pili hadi fremu ile ile, akaifunga kwa mkazo wake. Hakuna aliyemwuliza sababu.

Sasa akaja chini. Akalaza mbao mbili kwenye tope kando ya mguu wa Siti, akazikanyaga zikakaa, akapachika jeki juu yake, chini ya ukingo wa bodi. Bila mbao jeki ingezama kama msumari kwenye siagi. Stefania alizitazama mbao zile, akahisi uso unawaka moto.

"Sista," alisema mzee, "mimi nitainua unene wa kidole kimoja, kisha natia kipande cha gogo. Kidole kimoja, gogo. Siuoni mguu kutoka huku. Natakiwa kuambiwa nafasi imepatikana lini, na kama mfupa unafuata chuma. Lazima mtu aweke mkono pale."

"Mkono wangu," alisema Stefania.

"Utakuwa chini ya lori."

"Nimesikia."

Alilala kifudifudi kwenye tope, uso wake karibu na uso wa Siti, akapenyeza mkono hadi kiwiko chini ya chuma, akaushika mguu. Ulikuwa wa baridi. Alihisi kwa vidole pale ngozi ilipopasuka na pale chuma kilipoibonyeza nyama.

"Unaitwaje?" Siti alimnong'oneza.

"Stefania."

"Mimi nina watoto watano, Stefania. Yule mzee anajua anachofanya?"

Wiki moja nyuma angetafuta jibu. "Anajua," alisema.

Jeki ikaanza. Kidole kimoja. Gogo likaingia. Kidole cha pili. Gogo. Stefania alikuwa akitoa taarifa kwa sauti ile ile aliyozoea kwenye chumba cha kujifungulia: bado, bado, kimelegea, ngoja, bado. Kidole cha tatu kilipoinuka alihisi mguu unapumua.

Hapo ndipo waya ulipokatika.

Ulitoa mlio mkali, na mara ile ile lori likaguna na kushuka. Stefania alifumba macho. Aliusikia uzito ukitua juu ya magogo, kitu kikikandamiza mgongo wa mkono wake bila kuuvunja, kisha kimya. Alipofumbua macho, kamba ya katani ilikuwa imekaza juu yao kama uzi wa zeze, na waya uliokatika ulikuwa umelala kwenye tope chini ya magunia ya maji, haukumgusa mtu. Lori lilikuwa limeshuka unene wa ukucha tu, magogo yakalizuia.

"Sista?" aliita Mzee Abdurahmani. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ufa.

"Nipo. Mguu uko pale pale. Endelea."

Mzee alivuta pumzi, akaupeleka mnyororo mwingine, ule mzito uliokuwa ndani ya gunia, akaufunga mahali pa waya, akarudi kwenye jeki. Akaweka na ile jeki ya pili upande wa pili wa mguu, juu ya mbao mbili zilizobaki. Kidole kimoja, gogo. Kidole kimoja, gogo. Hadi Stefania akasema, "Sasa," na Huseni na wenzake wawili wakamvuta Siti kwa mabega, polepole, akatoka. Stefania akautoa mkono wake nao ukiwa umejaa tope na damu isiyo yake.

Watu hawakushangilia. Wengine walikaa chini pale pale walipokuwa. Bibi mmoja alisema alhamdulillahi, mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Mguu ulikuwa umevunjika mifupa yote miwili na nyama imechanika vibaya, lakini baada ya muda vidole vilianza kupata joto. Stefania aliufunga kwa vipande viwili vya ubao wa kitanda kilichovunjika, akamlaza Siti kwenye kitanda chake mwenyewe. Mzee alitaka kupitisha gari karibu na ukingo uliobaki wa karavati, na upana haukutosha. Akalishusha lori juu ya magogo, akatoa jeki, akafungua kamba na mnyororo, akalaza mbao zote nne juu ya sehemu iliyoliwa, zikiegemea mawe ambayo watu walikwisha kuyapanga kama alivyowaelekeza. Akawashusha wote, pamoja na Siti aliyebebwa kwenye mkeka, akavuka peke yake, mlango wa upande wake ameuacha wazi. Mbao ziliinama zikarudi. Wakapakia tena.

Saa kumi alasiri walikuwa Kivinje, hospitalini. Daktari aliufungua mguu, akautazama kwa muda mrefu, akasema hataukata. Utakuwa mfupi kidogo, alisema, na atatembea kwa mkongojo hadi mwisho wa mwaka, lakini ni wake. Huseni aliegemea ukuta akalia, bila kuficha uso.

Asubuhi Stefania alimkuta Mzee Abdurahmani uwanjani, vitu vyake vyote vimetandazwa juani. Alikuwa ameziosha mbao na kuziegemeza ukutani. Alikuwa akipaka mnyororo mafuta machafu ya injini, pete moja baada ya nyingine, na ule waya uliokatika ameukunja pembeni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mkono?"

"Umevimba, lakini unafanya kazi." Alichukua tambara, akaketi kwenye debe, akavuta upande wa pili wa mnyororo mapajani mwake. Mzee alimtazama, akasogeza kopo la mafuta katikati yao.

"Usipake tu juu," alisema baadaye. "Kunja pete, paka pale zinapokutana. Kutu huanzia hapo."

Alikunja pete, akapaka. Walifanya kazi hadi jua likapanda juu ya mapaa.

"Waya mpya tunaupata wapi?" Stefania aliuliza.

"Niliomba mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Sasa nitaandika mimi. Nina mwandiko mzuri, na nina hasira."

Mzee alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko chembamba cha puani. Waya ulipatikana mwezi wa sita, baada ya barua nne, mita arobaini, ukiwa bado na mafuta ya kiwandani. Lakini asubuhi ile ya Kivinje walipakia vyombo kama kawaida, Stefania akipokea kila kitu mlangoni na kuuliza kinakaa wapi na kwa nini, na mzee akimjibu. Walipokuwa tayari, Justa alikwisha kuchemsha chai. Walikunywa wamesimama, kisha wakashika njia ya Tingi, ambako akina mama walikuwa wakiwasubiri tangu jana yake na watoto wao mgongoni.